Majirani wa Uvimbe: Juu ya Saratani ya Tezi ya Shingoni



Wapenzi wasomaji, safu yetu ya juma hili yaelekea bara, mpaka Nairobi, upande wa mashariki ya jiji ambao wenyewe huuita Eastlands: Pumwani na Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni, Eastleigh, Buruburu, Umoja, Kayole hadi Dandora. Hatuendi ugenini. Kabla ya Pumwani kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, Nairobi ilikuwa na kijiji kilichoitwa Mombasa, na hata leo ni nyumba chache za pwani zisizokuwa na shangazi, binamu au mkaza mwana Majengo. Ni kwa ajili ya hao, na kwa ajili ya maswali ambayo kinamama huuliza juu yao, tumeona tuzungumze kuhusu saratani ya tezi ya shingoni, na hasa jambo moja lisilosemwa sana. Uvimbe wa saratani haukai peke yake. Una majirani, na majirani hao wana mkono mkubwa katika kuamua kama utatulia pale ulipo au utasambaa.

Lakini kwanza tuseme juu ya mtandio. Sitara ni jambo tunalolienzi, wala hatusemi neno dhidi yake. Ila hatuna budi kukiri kwamba shingo ya mwanamke aliyejisitiri haionwi na mtu yeyote nje ya nyumba yake, na ugonjwa huu wawaandama wanawake kuliko wanaume. Kati ya wagonjwa wapya 586,000 hivi waliokadiriwa duniani mwaka 2020, karibu 449,000 walikuwa wanawake, yaani zaidi ya robo tatu. Mwanamume mwenye kinundu shingoni ataulizwa na kinyozi wake, ataulizwa barazani, ataulizwa na kila aliyeketi naye ndani ya matatu. Mama wa Kaloleni aweza kukaa nacho miaka mitatu, mumewe akidhani ni unene, mwenyewe akidhani ni rovu tu kama la bibi yake. Kwa hiyo twamwomba kila msomaji asimame mbele ya kioo akiwa chumbani mwake, ainue kidevu kidogo, anywe funda la maji, na atazame kama kuna kitu kinachopanda na kushuka pamoja na maji yale. Kisha ampigie simu dada yake wa Nairobi amwambie naye afanye vivyo hivyo.

Kitu kinachopanda na kushuka namna hiyo aghlabu ni tezi ambayo madaktari huiita thairoidi. Iko mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, imelikumbatia koo la pumzi mfano wa kipepeo aliyetandaza mbawa. Ni ndogo, kiasi cha gramu 20 kwa mtu mzima, lakini kazi yake ni kubwa: huchukua iodini iliyomo katika chakula na kuitengeneza kuwa homoni zinazoongoza mwendo wa mwili mzima, tangu mapigo ya moyo na joto la ngozi hadi hedhi, uzito na hata furaha ya moyo. Kenya, iodini hiyo twaipata hasa katika chumvi, na chumvi yenyewe kwa sehemu kubwa yatoka kwetu, katika mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, kaunti ya Kilifi. Tangu mwaka 1978 sheria imelazimisha chumvi ya kula itiwe iodini. Mpishi wa Umoja anayetia kijiko cha chumvi katika sufuria ya maharagwe anatumia tiba iliyotoka Magarini, ingawa si wengi wanaolijua hilo.

Tezi inapokosa iodini, ubongo huisukuma kwa homoni nyingine ifanye kazi zaidi, nayo hutanuka ikawa rovu. Rovu la namna hiyo si saratani, na hata kinundu kimoja kimoja kinachopatikana ndani ya tezi kwa kawaida si saratani. Katika vinundu 100 vinavyochunguzwa, 90 au zaidi huwa havina ubaya huo. Tena saratani ya tezi siyo inayotangulia kwa wanawake wa Nairobi. Saratani ya titi na ya mlango wa kizazi ndizo zinazoongoza, na mama asizisahau hizo kwa kuihofu hii. Hata hivyo saratani ya tezi ipo, na aina zake zatofautiana kama mchana na usiku. Iliyo nyingi zaidi huitwa ya papila. Hukua polepole, hupenda kuingia katika tezi ndogo za limfu zilizopangana shingoni, na wagonjwa wengi mno hupona. Ya folikula hufuata damu hadi mapafuni na mifupani, na huonekana zaidi mahali penye uhaba wa iodini. Ya medula huanzia katika seli nyingine za tezi, na mara nyingine hurithiwa katika ukoo. Ya nne, iitwayo anaplasia, ni nadra sana, lakini ikitokea hukua kwa majuma wala si kwa miaka.

Hapa ndipo swali la majirani linapoingia. Kwa nini seli zilizozaliwa katika tezi moja zikawa za upole kwa mama huyu na za ukali kwa mwingine?

Kwa muda mrefu waganga waliitazama saratani kama seli moja iliyoasi, ikazaa waasi wenzake. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 1863 tabibu wa Ujerumani, Rudolf Virchow, aliona kwamba ndani ya vivimbe kulikuwa na chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Mwaka 1889 daktari wa London, Stephen Paget, alipitia habari za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi, akajiuliza kwa nini ugonjwa ulikuwa ukielekea viungo fulani na kuviacha vingine. Jibu lake lilikuwa ni mbegu na udongo: mbegu hupeperushwa kila upande, lakini huota panapoifaa tu. Mwanamke wa Kayole anayepanda sukuma wiki ndani ya gunia mlangoni pake hahitaji kufafanuliwa zaidi. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka 1986, tabibu wa Boston, Harold Dvorak, aliufananisha uvimbe na kidonda kisichopona. Sisi twaona mfano huu wa mwisho ndio ulio karibu zaidi na ukweli wa tezi.

Tafakari kidonda cha kawaida. Mtoto akijikata kidole, mwili huleta askari wa kula vijidudu na mabaki, huleta seli za kufuma nyuzi za kuziba pengo, huota mishipa mipya ya damu ili kulisha mahali pale, na kazi ikiisha wote hutawanyika. Uvimbe wa saratani hutuma mwito ule ule wa kidonda, ila hausemi kamwe kwamba kazi imekwisha. Askari huja, wafumaji huja, mishipa huota, na wote hao, ambao ni seli halali za mama mwenyewe, hubaki pale wakiuhudumia.

Katika tezi ya shingoni, jirani aliyechunguzwa sana ni askari aitwaye makrofaji, yaani seli mlaji. Kazi yake njema ni kumeza uchafu. Lakini karibu nusu ya saratani za papila zina kosa katika jeni iitwayo BRAF, na majaribio ya panya yameonyesha kwamba seli zenye kosa hilo humwaga kemikali inayowaita makrofaji kwa wingi. Wakifika, hugeuzwa. Badala ya kuila saratani, huanza kutoa vichocheo vya ukuaji, huiandalia mishipa, huzituliza seli nyingine za kinga zisishambulie. Mwenye kukaa Eastlands anawajua askari wa lango ambao mwizi akishawazoea humfungulia wenyewe. Katika saratani za tezi zilizoanza kupoteza umbo lake la asili, wingi wa makrofaji umefuatana na maisha mafupi ya mgonjwa. Na katika ile ya anaplasia wachunguzi wamewakuta wamejaa kila pembe, mara nyingine wakifikia nusu ya uvimbe wote au kupita. Nusu ya kitu kinachomziba mama pumzi ni jeshi lake mwenyewe.

Si majirani wote wanaosaliti. Mwaka 1912 daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, alieleza ugonjwa ambao limfosaiti, askari wa namna nyingine, huivamia tezi ya mwanamke na kuidhoofisha taratibu. Ugonjwa huo wabeba jina lake hadi leo, nao ni wa kawaida kwa wanawake. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba saratani ya papila ikitokea ndani ya tezi yenye ugonjwa wa Hashimoto, mara nyingi huwa ndogo zaidi na hutulia zaidi, kana kwamba wale limfosaiti waliokuwa wakimsumbua mama kwa uchovu na baridi sasa wanamlinda. Wataalamu bado wanabishana kama ugonjwa huo wenyewe huongeza uwezekano wa saratani kuanza. Sisi hatutaingia katika mabishano yao. Twataka tu msomaji aone kwamba seli hizo za kinga zaweza kuwa hasara na zaweza kuwa ngao, kutegemea zimeitwa na nani na zimeambiwa nini.

Kuna na wafumaji. Tezi nzima ni laini ikibonyezwa. Wafumaji wakiitwa na uvimbe hutandaza nyuzi ngumu, na hiyo ni sababu mojawapo ya daktari kubonyeza shingo kwa vidole kabla ya mashine yoyote: kinundu kigumu kama jiwe, kilichoganda pale pale hata ukimeza mate, humtia wasiwasi kuliko kilicho laini na chenye kuteleza. Na kuna mishipa ya damu, ambayo daktari Judah Folkman wa Boston alieleza mwaka 1971 kwamba uvimbe hauwezi kukua kupita kipimo kidogo bila kuiotesha. Mwisho kuna hila ya vitambulisho. Seli ya saratani, na wakati mwingine makrofaji anayeitumikia, huvaa juu ya ngozi yake alama inayomwambia askari apite, hapa hapana adui. Waliofumbua siri ya breki hizi za kinga, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2018.

Ujirani huu wote ndio ambao wataalamu huuita mazingira ya uvimbe, na twajua neno mazingira likisemwa Eastlands fikira huenda moja kwa moja Dandora. Tutenganishe mambo mawili. Jaa la Dandora lina madhara yake, tena makubwa: uchunguzi uliotolewa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa mwaka 2007 uliwapima watoto 328 wa maeneo ya karibu, na nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiwango kilichohesabiwa kuwa cha hatari. Sababu hiyo yatosha kabisa kudai jaa liondolewe. Lakini mama mwenye kinundu shingoni asijihukumu wala asimhukumu mumewe kwa kumpangishia nyumba karibu na moshi, kwani sababu ya nje iliyothibitika zaidi kwa saratani ya tezi ni mionzi inayompiga mtu utotoni. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl mwaka 1986, maelfu ya watoto na vijana wa nchi zile waliugua saratani hii, wengi wao wakiwa wamekunywa maziwa yenye iodini ya mionzi. Kwetu funzo lake ni dogo lakini lafaa: mtoto asipigwe picha za mionzi za kichwa na shingo bila haja, na mzazi ana haki ya kumwuliza daktari kwa nini anaiagiza. Altrasaundi haina mionzi hiyo.

Sasa tuseme haya yamfaa nini mama wa Shauri Moyo.

Kwanza, yamwondolea hofu ya kupita kiasi. Korea Kusini, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, watu wengi wasiokuwa na dalili walipimwa tezi kwa altrasaundi. Kufikia mwaka 2011 saratani za tezi zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za mwaka 1993, lakini waliokufa kwa ugonjwa huo hawakupungua wala hawakuongezeka. Maelfu walikatwa tezi kwa uvimbe ambao ungelala pale hadi mwisho wa umri wao. Huko Kobe, Japani, Hospitali ya Kuma ilianza mwaka 1993 kuwapa wagonjwa wenye saratani ya papila ndogo sana, isiyozidi sentimita 1, hiari ya kuangaliwa tu bila kukatwa. Katika wagonjwa 1,235, baada ya miaka 10 ni asilimia 8 tu ambao uvimbe wao ulikuwa umekua kwa milimita 3 au zaidi. Baadhi ya vivimbe hivyo vidogo vilivyotulia huwa na kosa lile lile la jeni linalopatikana katika vikali. Mbegu ile ile, basi, na udongo tofauti. Kwa hiyo hatumshauri mwanamke asiye na dalili yoyote akimbilie mashine kwa kuwa jirani yake amepimwa.

Pili, yamwondolea usingizi. Udongo haukai hali moja milele. Anaplasia kwa kawaida huwapata waliopita miaka 60, na mara nyingi huzuka ndani ya rovu au saratani ya pole iliyoachwa miaka mingi. Bibi aliyeishi na shingo nene tangu ujana wake, kisha ghafla ikaanza kukua kwa majuma, sauti ikakwaruza, chakula kikakwama, pumzi ikawa na mlio, huyo asisubiri wajukuu wafunge shule. Apelekwe leo. Kadhalika asisubiri mwanamke wa umri wowote ambaye kinundu chake ni kigumu, au sauti yake imebadilika zaidi ya majuma matatu, au amepata vinundu vingine pembeni mwa shingo, au kwao kuna aliyeugua saratani ya tezi. Na kwa wanaosema ni jicho: dua na isomwe, lakini shingo isichanjwe wala isichomwe moto. Mishipa mikubwa ya damu yapita hapo, na kovu la mganga humtatiza sana daktari wa upasuaji.

Njia yenyewe Eastlands si ndefu kama inavyodhaniwa. Mtu huanzia kituo cha afya kilicho karibu naye, au Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, na huulizia mambo matatu: kipimo cha damu cha homoni ya tezi, altrasaundi ya shingo, na ikibidi kuvutwa chembe kwa sindano nyembamba. Sindano hiyo haisambazi ugonjwa kama wengi wanavyoamini. Huumiza kidogo tu na hulinda watu wengi wasikatwe bure. Penye haja ya upasuaji, rufaa huenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au nyingine kubwa. Twawasihi ndugu wasiruke hatua ya sindano, na waulize mapema bima ya SHA itagharimia nini, kwa maana tumeona familia nyingi zikiuza vitu vya nyumbani kwa haraka ambayo ugonjwa wenyewe haukuidai.

Upasuaji huacha alama nyembamba chini ya shingo, ambayo mtandio utaisitiri. Yapo mambo mawili ya kuangaliwa zaidi ya alama. Mishipa ya fahamu ya sauti hupita nyuma ya tezi, na sauti yaweza kubadilika kwa muda, mara chache daima. Na nyuma ya tezi kuna vijitezi vinne vinavyosimamia kalisi katika damu. Vikiguswa, mama huhisi ganzi na mchomo midomoni na vidoleni siku ya kwanza au ya pili. Hilo si la kuvumilia kwa subira. Aseme papo hapo.

Baada ya kukatwa, wagonjwa wengine hupewa iodini yenye mionzi, tiba iliyoanza kutumika kwa saratani hii katika miaka ya 1940. Ni tiba yenye hekima ya ajabu: kwa kuwa seli ya tezi ndiyo inayoipenda iodini, humeza sumu yake yenyewe popote ilipojificha. Lakini hapa majirani hurudi tena. Kosa la BRAF pamoja na kemikali zinazomwagwa ndani ya uvimbe huweza kuufunga mlango ambao iodini huingilia, na tiba ikapita bila kufanya kazi. Mwaka 2013 madaktari wa New York walieleza jinsi walivyowapa wagonjwa 20 wa namna hiyo dawa iitwayo selumetinib kwa majuma machache. Kwa 12 mlango ulianza kufunguka, na 8 wakaweza kupewa tena iodini. Zimekuja pia dawa za kuzuia mishipa ya damu, na mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa mbili za kutumiwa pamoja, dabrafenib na trametinib, kwa anaplasia yenye kosa la BRAF. Bei zake bado ni mzigo ambao nyumba ya kawaida ya Eastleigh au ya Kisauni haiwezi kuubeba, na twaona ni wajibu wa wanaopanga bima ya taifa kuliangalia hilo bila kungoja michango ya msikitini.

Tiba ya iodini hutolewa katika hospitali chache tu zenye idara ya nyuklia, na mgonjwa wa pwani aghlabu hupandishwa Nairobi, akafikia kwa jamaa zake hao hao wa Majengo au Umoja. Wenyeji wake wajue yafuatayo. Mwanamke mjamzito hapewi kamwe. Anayenyonyesha lazima aache angalau majuma sita kabla, wala asimrudishie mtoto yule titi baadaye. Akishapewa, hukaa mbali na watoto na wajawazito kwa siku ambazo hospitali itamtajia, hulala peke yake, na huahirisha kubeba mimba kwa muda wa miezi sita hadi mwaka. Wengi huzaa salama baada ya hapo. Twataja haya waziwazi kwa sababu tumesikia wanawake wakisemwa kwamba wamewakimbia watoto wao au wamemsusia mume, ilhali walikuwa wakitii amri ya daktari.

Na kabla ya tiba hiyo kuna juma moja au mawili ya kula chakula chenye iodini kidogo, ili seli zilizobaki ziwe na njaa. Kwa mtu wa pwani huu ni mtihani: hakuna samaki wa baharini, hakuna kamba wala pweza, hakuna maziwa mengi wala kiini cha yai, na hakuna ile chumvi ya dukani ambayo sheria imeitia iodini. Chumvi ya bahari isiyosagwa nayo haifai, hata kama imetoka kwa mjomba Marereni. Mgonjwa aiulize hospitali mapema ni chumvi gani itakayofaa, na mwenye nyumba anayemkaribisha ampikie chungu chake mbali, wali na mboga na nyama kidogo, badala ya kumwandalia mchuzi wa papa kwa mapenzi.

Baadaye hubaki kidonge kidogo cha kila siku, ambacho huchukua nafasi ya homoni ya tezi iliyotolewa. Wengi hukiacha wakijisikia vizuri, wakidhani ni cha kuongeza nguvu tu. Kina kazi ya pili. Ile homoni ya ubongo inayoisukuma tezi huweza kuzisukuma pia seli za saratani zilizosalia, na kidonge, kwa kipimo sahihi, huunyamazisha mwito huo. Kinataka tumbo tupu na maji matupu, kisha kungoja nusu saa hadi saa nzima. Chai ya maziwa ya alfajiri hukipunguza nguvu, na vidonge vya madini ya chuma na kalisi ambavyo wajawazito hupewa kliniki vikae mbali nacho kwa saa nne. Mama akishika mimba amwambie daktari siku ile ile anayojua, kwani kipimo chake aghlabu huhitaji kuongezwa.

Na katika Ramadhani, wenye kumeza kidonge hiki wana njia mbili zinazotumika. Wengine hukimeza wakienda kulala, saa tatu au zaidi baada ya kula mara ya mwisho. Wengine hujiamsha mapema, wakakimeza kwa maji, wakasali rakaa zao, kisha nusu saa au zaidi ikipita wakaketi kula daku. Ipi kati ya hizo imfae nani, hilo ni la daktari wake anayejua kipimo chake cha damu, na mazungumzo hayo yafanywe mwezi wa Shaabani ungali mchanga, si usiku wa kuandama mwezi.